Mikono Sitini na Mmoja

Mimi ndiye karani wa kuhesabu mikono.
Kazi yenyewe haina siri: kalamu, daftari,
na sauti ya kufika hadi benchi la nyuma
ambako watu wa Kisauni husinzia
chini ya feni inayozunguka kwa kulazimishwa.

Ajenda zilikuwa tatu, zimebandikwa mlangoni kwa uji wa unga.
Mosi: wafungwa wa kaunti wazibue mitaro ya Kongowea
kabla ya masika.
Pili: ujira wao uwe shilingi ishirini kwa siku,
au uwe ahsante.
Tatu: nani akague hesabu za jela,
maana ufunguo una mwenyewe
lakini sufuria haina.

Mweka hazina, Bwana Mwachofi, akavaa miwani, akasoma:
mfungwa mmoja hula, hulala, hulindwa
kwa shilingi mia mbili na kumi kwa siku.
Ukumbi ukaguna.
"Mia mbili na kumi! Mimi na wajukuu wanne hatuzioni!"

Ndugu yangu Nyale alikuwa ndani siku ya hamsini na tisa.
Hakuiba. Hakupiga mtu.
Alikaanga viazi bila leseni
kwenye kona ya wauza kuku,
akatozwa faini elfu nne, hakuwa nayo,
akapewa siku tisini.
Karai lake liko stoo ya askari,
limefungwa kikaratasi: Kidhibiti Namba Saba.
Bado lina mafuta.

Pembeni mwa daftari, pale ninapojaribia wino,
nikazidisha tisini kwa mia mbili na kumi.
Elfu kumi na nane na mia tisa,
kudai elfu nne.
Nikaifuta. Karani hana maoni,
ndivyo nilivyoapishwa.

Akasimama Fundi Basharahil:
"Wakizibua bure, vibarua wangu watano niwaambie nini?
Wakatafute kosa?"
Watu wakacheka, naye hakucheka.
Kijana wa fulana ya kijani akasema jasho ndiyo dawa ya jela,
akapigiwa makofi.
Bi Riziki akainuka kwa kushika magoti:
"Mkuki kwa nguruwe..."
akakaa.
Kila mtu alimalizia mwenyewe, moyoni.

"Wanaotaka wafanye bila ujira, mikono juu."

Nikapita kati ya mabenchi na ncha ya kalamu.
Mkono wenye hina ya harusi ya juzi.
Mkono wenye saa iliyosimama.
Mkono wa Saumu, anayedaiwa na Nyale viazi vya wiki nzima:
ulipanda nusu, ukaniona,
ukapanda wote.
Sitini na mmoja.

Waliopinga, hamsini na wanane.

"Karani, una hakika?"
Nikarudia kutoka mlangoni.
Nilitamani nikosee, na sijawahi kukosea.
Sitini na mmoja.

Ajenda ya tatu hatukuifikia.
Adhana ya alasiri ilitukuta bado tunabishana
kama ahsante ina risiti.

Jumanne nilipita Kongowea kununua bamia.
Walikuwa tisa mtaroni, sare za michirizi, tope la magoti,
askari juu ya kreti ya soda anatafuna muhogo.
Nyale alikuwa wa mwisho, kona ile ile.
Alipokamatwa akifanya kazi
ndipo alipoletwa afanye kazi.
Sepetu yake ilitoa chupa, manyoya ya kuku,
kandambili moja ya mtoto, ambayo aliiweka kando, ukingoni,
kana kwamba mwenyewe atarudi.

Mwanamume mmoja akainama: "We Nyale! Viazi lini?"
Hakujibu kwa mdomo. Askari alikuwa anatazama.
Akanyanyua mkono,
vidole vinne vimesimama, gumba limekunjwa,
maji meusi yakimshuka hadi kiwikoni.

Wiki nne. Nami, kwa mazoea,
nikauhesabu:
mmoja.
Daftari lilikuwa ofisini.
Nikalipia bamia nikasahau chenji.